Hatua za Kulirudia Kosa

Mimi ndiye niliyeipeleka ile programu ya kompyuta ya kugawa mbegu kwenye ushirika wa wakulima wa Gasorwe, huko Muyinga. Ni ya bure, imeandikwa na watu wanaojitolea ng'ambo, nami niliisifu kana kwamba nimeizaa. Msimu huohuo ikamwacha nje dada yangu mjane. Iliwatambua watu wa kaya moja kwa jina la ukoo, na kwetu Burundi kila mtoto hupewa jina lake. Dada na wanawe wakawa watu wasiojuana, na mtu wa peke yake hakupangiwa mbegu. Mvua ilikuwa inakaribia.

Nikiwa kwangu Yoba, mjini Gitega, nikawaandikia wenye programu kwa Kiingereza changu cha sekondari ya Tanzania. Nilianza na salamu, nikauliza hali za familia zao, nikawashukuru kwa kazi, ndipo mwishoni kabisa nikaitaja kasoro. Roboti, ile mashine yao ya kujibu barua, ikanijibu nieleze hatua za kulirudia kosa ili nao walione.

Nikaeleza. Kwanza, zaliwa Burundi. Pili, zaa watoto watatu. Tatu, mpe kila mmoja jina lake. Nne, subiri mbegu za maharage.

Safari hii alijibu mtu. Hiyo si kasoro, alisema, ndivyo ilivyokusudiwa. Kama sipendi, programu iko wazi kwa wote, niirekebishe mwenyewe. Ni kama kumwambia mgonjwa kwamba chumba cha upasuaji hakijafungwa, aingie tu ajipasue. Na kama nina haraka, akaongeza, niwape wote jina moja.

Nami, mzee mzima, nikatii. Nikawaandika wote kwenye programu kwa jina la marehemu shemeji, wala sikumwambia dada.

Siku ya kugawa mbegu karani wa ushirika akaliita jina lile, akalirudia.

"Bon, hawako, tunapita," akasema, na mbegu zikaenda kwa wengine.

Jioni dada akanipigia simu.

"Nilisikia wakimwita mume wangu, kaka. Nikanyamaza. Ningeitika, wangesema nakula kwa jina la maiti."

"Ni mimi niliyemwandika."

"Wewe? Basi ungemwandikia na jembe, aje alime."

Nikapanda gari hadi Muyinga na maharage niliyojiwekea ya kula. Alinipokea kwa jembe, si kwa chai.

"Waite watoto waje tupande," akasema. "Ila leo waite kwa majina yao."

Niliporudi Gitega nikakuta roboti imeifunga taarifa yangu kwa sababu nilikaa kimya. Nilikuwa shambani.