Baraka ya Mdomo Mkavu

Baba yangu alifika kwangu Noonkopir asubuhi, amevaa shuka mpya na kubeba kibuyu cha maziwa kutoka Kajiado, nami nikamzuia mlangoni. Wala sikumzuia kwa adabu. Nilisimama katikati ya mlango nikamwambia asiingie.

Binti yangu alikuwa amezaliwa kabla ya wakati wake na mapafu yake yalikuwa machanga. Daktari alitueleza kwamba mafua ya mtu mzima, yale ya kupenga kamasi na kuendelea na kazi, yanaweza kumlaza mtoto kama huyo hospitalini, au kumchukua kabisa. Kila mtu mzima atakayembeba achanjwe kwanza, akasema, kisha asubiri wiki mbili. Mimi na mume wangu tulichanjwa. Baba nilimsimulia mambo yote kwenye simu isipokuwa hilo, maana niliona haya. Nani humpa baba yake masharti?

Tena kilichonitisha zaidi hakikuwa mafua peke yake. Kwetu mzee hubariki mtoto kwa mate. Humtemea kidogo utosini huku akimwombea, na waliopo huitikia "Naai." Mimi mwenyewe nilibarikiwa hivyo kabla ya kila mtihani, na hata siku ya harusi, shela na yote.

"Baba, huyu mtoto kifua chake bado," nikamwambia. "Lazima kwanza udungwe sindano ya mafua. Na hiyo ya mate, daktari amekataa."

Daktari hakutaja mate hata kidogo, kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Nilimsingizia tu.

Nilitarajia baba akasirike, na maneno ya kujitetea nilikuwa nayo tele. Akacheka. "Nakerai, mimi nachanja ng'ombe ya homa ya mapafu kila mwaka. Mnyama mgeni huwezi changanya na ndama hivi hivi. Hiyo naijua. Kliniki iko wapi?"

Mume wangu akampeleka. Aliporudi alisimama nje ya geti, akapandisha shuka begani kunionyesha plasta, kama mtoto wa nasari. Kisha akaenda kupanda gari la kurudi Kajiado bila kunywa hata chai. Kibuyu alikuwa amekiacha kizingitini.

Wiki mbili zilipoisha alikuja tena. Alinawa mikono kwenye mfereji wa nje bila kuambiwa, akaketi, nikamwekea mtoto mapajani. Akaanza kumwombea kwa Kimaa: mvua, mifugo, watoto, uzee mrefu. Alipofika mahali pa kutema niliona midomo yake ikijikusanya, jinsi ilivyozoea. Akanitazama. Kisha akageuza uso upande wa dirisha na kumeza.

"Naai," nikaitikia.

"Iko sawa?" akauliza. "Nimembariki na mdomo mkavu. Sijui kama itashika."

Niliumia. Alikuwa amefanya yote niliyotaka, na hakunilipizia hata moja. Ningeweza kumwambia, baba, umeshachanjwa, mpe mtoto baraka yake kamili. Ndilo neno alilokuwa akilisubiri, na sote wawili tulijua. Nikamwambia itashika, nikanyoosha mikono kumchukua mtoto, kwa sababu bado nilikuwa naogopa.