Barua Zisizotoka Garsen

Ndugu yangu mdogo, mwalimu wa hesabu pale Garsen, alianza kuringa siku mzungu aliyekuwa akichunguza kima katika msitu wa Hewani alipoondoka na kumwachia kompyuta yake. Haikufanana na zile za ofisini kwetu Mombasa. Ilikuwa ya Unix, na kila kitu uliiamuru kwa maandishi. Kupokea barua pepe hakukumsumbua. Kuzituma ndiko kulikomtoa jasho likizo nzima.

Kabla ya kutuma chochote, mtambo huo ulitaka upewe jina. Kwetu mgeni haulizwi jina lake kwanza, huulizwa ni wa nyumba gani, naye hutaja ukoo. Basi ndugu yangu akaupa jina la kampuni ya Mombasa iliyotupa anwani za barua pepe, yeye na mimi, ili huko uendako ujulikane una wenyewe. Barua yake ya kwanza ikafika Nairobi, ikajibiwa. Tangu hapo hakusalimiki.

Kisha mama akaugua, akaletwa kwa ndugu yangu Garsen, akaniulizia. Ndugu yangu akaniandikia nije, akaandika tena na tena. Simu hakupiga. Mwenye mtambo apige simu ya nini? Kila asubuhi akampelekea mama habari kitandani: "Dada barua amepata. Hajajibu tu."

Habari nilizipata kwa msafiri wa basi, mama keshazikwa kwetu Hewani. Nilipofika, shangazi hakunipa mkono. Alinipa maneno ya mwisho ya mama, na hakupunguza hata moja: "Msimwite tena. Mimi kule Mombasa sina mtoto."

Ndugu yangu akaapa kwamba aliniandikia; nilimwita mwongo mbele ya waombolezaji wote, na nilifurahi kuona neno limemuuma. Kesho yake akanipeleka kwake Garsen anionyeshe. Akatuma barua Nairobi, na kidude kilichounganisha kompyuta na simu kikapiga mayowe yake kikitafuta laini. Akatuma nyingine kwangu. Kidude kikanyamaza. Kwenye kioo barua ilikuwa imeondoka, lakini hakuna simu iliyopigwa.

Nilimwona uso ukimbadilika. Akafungua sanduku la barua pepe la msimamizi wa mtambo, ambalo hakuwahi kulifungua kwa sababu msimamizi mwenyewe alikuwa yeye. Barua zote alizoniandikia zilikuwamo. Mtambo uliopewa jina la kampuni ulijiona ndio kampuni. Kila barua ya kuja kwangu iliishia humo humo mezani: ulinitafuta ndani yake, ukanikosa, ukairudisha barua kwa msimamizi asiyesoma. Aliyasoma majibu ya mtambo kwa sauti, moja baada ya jingine, na yote yalikuwa yale yale: hapa hakuna mtu wa jina hilo.

Nilikumbuka mama naye alisema vivyo hivyo.

"Dada, nisamehe," akasema. "Nitawaeleza watu wote."

"Anza na mama," nikamwambia, nikachukua mkoba wangu.