Shampoo ya Halima na Kichwa Changu

Leo nimeinua mkono darasani, mimi mwenyewe, na bado nina wivu.

Halima, ninayekaa naye dawati moja, ametengeneza shampoo ya mashilingi, yale mabaka ya kichwani. Amechemsha mwarobaini na aloe vera.

Lakini hiyo dawa ni ya akoo, nyanya yangu. Aliitumia miaka ya vita vya shifta, walipofungiwa kambini bila sabuni. Halima alikuja kwetu siku moja, akauliza, akafundishwa.

Mimi naishi na akoo na sijawahi kuuliza.

Leo mwalimu akasema, "Bila mtu aliyepona, hii haiendi mashindano ya sayansi."

Halima akageuka, akatutazama sote.

Nilitaka akose. Wallahi nilitaka.

Shida ni kwamba tangu muhula uanze nimekuwa nikimwibia ile shampoo, na mabaka yangu yameota nywele.

Nikainua mkono. Nikafungua shash, kitambaa changu cha kichwa. (Ni shule ya wasichana, tulieni.)

Halima akasema, "Kumbe ni wewe unanimalizia chupa?"

Darasa lote likacheka. Halima anaenda mashindano.

Nyinyi mngeinua?

Nimefika nyumbani nikamwuliza akoo kwa nini alimfundisha yeye.

"Yeye aliuliza," akasema. "Wewe nilikuwa nakungoja."