Ukuta wa Kuegemea

Harufu ya chokaa mbichi ikinifikia puani, huwa naiona ndoo ya bibi yangu, na mimi nimeinama juu yake nikijiona mtu wa maana sana. Wengine harufu hiyo huwakumbusha sikukuu. Mimi hunikumbusha aibu, ingawa sasa naicheka.

Bibi alikuwa na hoteli ya chai pale Mukendo, mjini Musoma, aliyoifungua na babu kabla baba yangu hajazaliwa. Benchi moja refu lilizunguka ukuta, na kila mteja alikuwa na mahali pake. Waliegemea palepale miaka nenda miaka rudi, hata mafuta ya nywele yakaacha madoa ya mviringo kwenye rangi ya buluu. Wavuvi wa Makoko madoa yao yalikuwa karibu na mlango, wakulima wa Butiama karibu na jiko, na aliyekalia doa la mwenzake aliangaliwa mpaka akahama.

Babu alipofariki, hoteli ikafungwa. Bati likaoza, popo wakahamia. Nilipokuwa na miaka tisa, bibi alikubaliana na majirani waifufue iwe nyumba ya utamaduni: watu wanywe chai, litungu la nyuzi lipigwe, watoto wajifunze lugha za bibi zao. Mafundi walibadilisha paa, wakapaka chokaa nje. Ndani bibi aliwaambia, "Huo ukuta mniachie kwanza." Hakusema kwa nini, nami nikadhani amechoka tu.

Basi siku moja kabla ya ufunguzi, alipokwenda sokoni kununua tangawizi, nilichukua ndoo yake ya maji, sabuni ya kipande na mchanga wa ziwani. Nilisugua mpaka vidole vikachubuka. Madoa yote yakatoka. Nikakaa mlangoni kusubiri kusifiwa.

Bibi aliingia, akaweka kikapu chini. Alikwenda moja kwa moja kwenye kona ya jiko, akapapasa ukuta kwa kiganja.

"Babu yako alikuwaga anaegemea hapa," akasema.

Hakunipiga, na afadhali angenipiga. Nililia mpaka kwikwi ikanishika.

Kesho yake wateja wa zamani walifika wamevaa vizuri, wakabaki wamesimama. Hakuna aliyejua akae wapi. Mwishowe mvuvi mmoja wa Makoko akaketi ubavuni mwa mkulima wa Butiama ambaye miaka yote alipungiana naye mikono tu.

"Kumbe wewe ndiye unachekaga kwa sauti vile?" akamuuliza.

"Ndiye mimi. Na wewe ndiye unanukaga sato."

Bibi akacheka, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Kisha akanishika mkono, akanikalisha kwenye kona ya babu.

"Egemea hapo, mama," akaniambia. "Tuanze upya."

Juzi asubuhi vijana wanaoisimamia nyumba ile walinipigia simu: wanapaka rangi, na kuna madoa mawili sugu kwenye kona ya jiko. Nilitoka Bunda asubuhi ileile. Niliyakuta yote mawili, langu, na la bibi aliyekuja kukaa kando yangu kila Jumamosi hadi alipotutoka. Utotoni nilidhani siku ile alinisamehe, basi. Kumbe alikuwa amenipa kiti cha mtu aliyempenda kuliko wote, na mimi ndiye niliyemfutia alama yake ya mwisho.

Vijana walikuwa wamesimama na brashi mkononi, wakisubiri neno langu.

"Pakeni kote," nikawaambia. "Huo ukuta mniachie."