Mwaka wa Faida Isiyogawiwa

Enzi za Mwingereza, sisi watu wa Njombe tulipima thamani ya hisa kwa macho. Kampuni yetu ya mashine ya kusaga ilikuwa Lyamkena, kule Makambako, lakini gawio lilitolewa huku kwetu, uani mwa kanisa, baada ya ibada ya mavuno. Mwenye hisa aliitwa mbele ya watu wote, akapokea fedha yake, wanawake wakapiga vigelegele. Gawio likiwa nono, hisa zilipanda bei palepale. Hesabu ya faida ilisomwa pia, ila nani alisikiliza?

Nami nilikuwa na hisa yangu. Baba aliuza ng'ombe akaninunulia kabla sijaolewa, na ndicho kitu pekee kilichoandikwa kwa jina langu.

Basi mwaka mmoja katibu akasoma kwamba faida imekuwa kubwa kuliko mwaka uliotangulia, halafu akasema gawio hakuna. Watu wakamzomea. Faida gani hiyo isiyoshikika! Kabla ya jioni kila mtu alitaka kuuza, na mwenye duka mmoja wa mtaa wa Ramadhani alikuwa akinunua kwa nusu bei, huku akitupa pole. Mume wangu, mtu mpole asiyejua kumkatalia mtu, akamwambia aje kesho yake nyumbani kwetu Mjimwema aichukue ya kwangu. Nilikasirika mpaka chakula kikanishinda.

Alfajiri nikadandia lori la magome ya miti ya miwati hadi Makambako. Karani wa mashine nilimkuta mweupe kwa unga.

"Kamwene, mama."

"Kamwene. Faida yetu iko wapi?"

Hakujitetea. Akanipeleka nyuma, akafunua turubai. Injini mpya, bado ina grisi ya kiwandani. Ile ya zamani ilikuwa inakufa, akasema; wangegawa faida, msimu ujao tusingesaga hata debe moja.

"Na lile gawio nono la mwaka jana?"

Akatazama chini. "Mwaka jana, mama, faida ilikuwa kiduchu. Wakubwa waliogopa kuaibika pale kanisani, wakawagawia akiba."

Kumbe tulipiga vigelegele tukila mtaji wetu wenyewe, tukaipandishia bei kampuni iliyokuwa inakonda. Iliponenepa, tukaikimbia. Nilitaka kumtukana mtu, sikujua nani. Njia nzima ya kurudi roho ilikuwa juu, maana cheti cha hisa alikitunza mume wangu.

Jioni nikamkuta mwenye duka bado amekaa kwetu, fedha mezani. Nikamsalimu vizuri, nikamwambia hisa haiuzwi. Akazikusanya fedha zake, akaaga. Hakuuliza sababu. Nadhani naye alikwisha kuiona ile injini.

Mume wangu akashusha pumzi, akaegemea ukuta. Alikuwa amejuta tangu asubuhi, ila neno alikwisha kulitoa, na kumfukuza mgeni hawezi. Kwa hiyo alimlisha. Kila mara mgeni alipotaja hisa, yeye alileta sahani nyingine ya viazi na kuomba upya sala ya chakula, ndefu kuliko ya kwanza.

"Ungechelewa kidogo tu ningeshindwa," akaniambia. "Hata viazi vya mbegu vimekwisha."

Nilicheka mpaka nikakaa chini, nimemshika mkono. Mwaka ule mbegu tuliomba kwa jirani.