Sukari ya Kaboni Saba

Mwalimu Habakuki wa Lutindi amestaafu, ila kemia yake imegoma kustaafu. Mwamkie shikamoo, ataitika marahaba, kisha atakushika mkono akuhadithie sukari mpaka chai yako ipoe.

"Glukosi ina kaboni sita. Parachichi lina sukari adimu yenye kaboni saba, manoheptulosi. Mti unaipeleka kwenye tunda kupitia kikonyo, na wapo wataalamu wanaodhani ndiyo inayolizuia lisiive. Likichumwa, sukari inapungua, tunda linalainika. Mtini haliivi, wala haliozi."

Haya, ya mwalimu hayo. Lakini mparachichi wa nyuma ya nyumba yake tuliuogopa. Chini yake kilizikwa kitovu cha Lea, mwanawe wa pekee, na tangu mkewe afariki alikataza mtu asiuguse. Msimu ukapita, ukaja mwingine, matunda yaleyale yakaning'inia, magumu, yanagongana hata siku isiyo na upepo. Wanawake wa kuni walibadilisha njia.

Mwaka jana Lea aliitwa kazini Korogwe, baba akasema bado. Mwaka huu kaitwa Hale, ufundi umeme, aripoti Jumatatu. Baba akasema bado tena. Ukweli ni kwamba mzee aliogopa nyumba tupu, akaona aibu kulisema.

Jumapili, baada ya ibada, waliketi jikoni. Nyuma ya nyumba, ko, ko, ko. Majani hayatikisiki.

"Yanagonga tena," Lea alisema.

"Nikuonyeshe kitu," mzee alimjibu. Alitoka, akachuma tunda la chini kabisa, la msimu wa mwaka juzi, akarudi nalo jikoni na kuchukua kisu. Alitaka binti aone kwa macho yake kuwa kinachobaki kwa mzazi wake hakiharibiki.

Ganda lilikuwa zima, halina hata doa. Kisu kilipopita, mzee akahisi kinakata kitu chenye nyuzi. Akalifungua. Kokwa lilikuwa limepasuka humo ndani, limeota. Mzizi mweupe ulikuwa umelizunguka mara tatu, nne, ukitafuta pa kutokea, na ncha yake ilikuwa imekwaruza ganda kwa ndani.

Habakuki alikaa chini. Huko nje matunda bado yaligongana.

"Lea, mwanangu," alisema akiweka kisu mezani, "nenda kafunge begi lako."

"Lilishafungwa, baba," Lea alijibu. "Tangu mwaka jana."