Ushungi Wangu, Harufu ya Shangazi

Sijawahi kumwambia mtu: mwezi mzima najipulizia pafyumu ya shangazi kwa siri.

Ile ya miski, laini, mpaka mtu akuinamie ndiyo aisikie. Napuliza kwenye ushungi mara moja tu, nakimbilia shule.

Leo Mwajuma, binti wa baba mdogo, tunayelelewa naye hapa Kilosa kwa shangazi, kaniomba ushungi aende nao sokoni. Nikampa. Mjinga mimi!

Aliporudi akapiga goti. "Shikamoo shangazi."

Shangazi akamwekea mkono kichwani kama kawaida, ila marahaba haikutoka. Akainama. Akanusa.

"Mwizi wewe! Nimekutoa Rudewa usome, unaniibia pafyumu? Kesho unarudi kwenu!"

"Sijaiba, shangazi."

"Nyamaza! Huna hata haya."

Mwajuma akanitazama. Alishajua ni mimi, lakini hakunitaja.

Na mimi? Nikaendelea kuchambua mchele.

Sasa hivi Mwajuma anafungasha sare zake kwenye mfuko wa salfeti. Nimetaka kumsaidia, kanisukuma.

"Usiniguse. Kanukie huko!"

Nitukaneni kwenye komenti, nimestahili.

Nasikia kandambili za shangazi koridoni. Siku zote zikisogea hivi naficha simu chini ya mto. Leo naiacha wazi. Ushungi nimejifunga mwenyewe, chupa iko mkononi.

Akiingia napiga goti. Na kabla hajaninusa, nasema.